Zima Pasi Kwanza

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa pili, kazi yake ni kupiga pasi, na katika kupiga pasi sijaona wa kumfikia. Nakubali kwamba mimi ni mjomba, na mjomba haoni vizuri upande wa kasoro. Lakini kola yake ikisimama, imesimama. Suruali akiinyoosha, ule mstari wake unaweza kukatia karatasi. Mtaa mzima unamwita Dobi, kana kwamba wale wengine wanaofua ni wapita njia. Hata mama yake siku hizi akipiga simu huuliza, "Dobi yupo?"

Mimi pale dobini ni mpeleka nguo. Nilipoacha kazi ya mizani ghalani nilibaki na miguu isiyojua kukaa, nikaomba niwe napeleka nguo safi kwa wenyewe. Nabeba nguo kwenye henga begani, napita mitaa, nasalimia watu, nafika. Bosi husema nafika kwa kuzunguka. Ni kweli, ila nguo zikizunguka na mimi zinapigwa na upepo, na upepo hauna ubaya kwa nguo.

Chumba cha pasi kina meza tatu na dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Meza ya Dobi ni ya mwisho. Mbele yake kuna msumari, msumari umeshika henga, henga imeshika kitabu kwa vibanio vinne, viwili kila upande, vya mbao, maana vya plastiki huteleza. Mkono wa kulia una pasi, wa kushoto unafungua kurasa. Akitaka kufungua ukurasa husimamisha pasi kwanza, anafungua, anaishika tena. Miaka miwili sikumwona akikosea utaratibu huo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asisomee nyumbani. Nyumbani ni kwa dada yangu. Kuna vyumba viwili, watoto watano, na televisheni ambayo haizimwi kwa sababu kitufe chake kimepotea. Ukifungua kitabu pale, kabla hujamaliza sentensi kuna mtu amekalia nusu yake. Kwa hiyo duniani kote mpwa wangu alikuwa na sehemu moja tu ya kusomea, nayo ni ile meza yenye moto.

Mambo yenyewe yalianzia mfukoni. Dobi mzuri hupekua mifuko kabla nguo haijaingia majini. Humo hutoka funguo, tiketi, kalamu, na mara moja meno ya bandia ambayo mwenyewe aliyakana. Siku hiyo, katika koti jeupe la nesi mmoja, kilitoka kitabu kidogo kisicho na jalada. Koti lilikuwa limeahidiwa Jumanne. Alhamisi nesi alikuja mwenyewe.

"Koti langu liko wapi, dada?"

"Bado halijakauka."

"Siku tatu? Jua limesafiri?"

Dobi akaingia ndani, akatoka na koti, na kitabu juu yake. Nesi akakitazama.

"Na hiki umekifua?"

"Nimekipiga pasi tu. Kilikuwa na makunyanzi."

"Umefika wapi?"

"Nani?"

"Wewe. Umefika wapi?"

Dobi akaangalia chini. "Nimemaliza. Lakini yule mke wa pili hakutendewa haki."

"Hakutendewa haki?" Nesi akaweka mkoba juu ya kaunta kama mtu aliyefika nyumbani kwake. "Yule? Yule aliyeficha barua?"

Walibishana dakika arobaini. Nazijua kwa sababu nilikuwa nyuma yake na mashuka ya nyumba ya wageni begani, na mashuka ya nyumba ya wageni hayapungui uzito ukiyasubirisha.

Hapo ndipo mpwa wangu alipojua kwamba nesi ana blogu. Yeye aliponiambia baada ya mwezi kwamba naye sasa ana blogu, nilimuuliza kama amekwenda hospitali. Akanieleza. Ni ukurasa kwenye simu, unaandika habari za vitabu ulivyosoma, watu wanasoma ulichoandika, wanakujibu. Nesi alijiita Sindano, kwa sababu huandika mistari mitatu na yote inauma. Kupitia kwake Dobi akawapata wengine, na kati yao aliyekuwa karibu zaidi ni mwalimu mmoja wa mji wa mbali aliyejiita Mstaafu. Huyo akikuandikia maoni husahihisha kwanza nukta zako, kisha anakusalimu. Watu hao hawajawahi kuonana, wamesambaa kama mbegu za papai zilizotemwa, na shughuli yao ni kuambizana: soma hiki, kile kiache, kile kingine anzia katikati. Kwa njia hiyo Dobi alisoma vitabu ambavyo asingevijua hata angezaliwa mara tatu.

Ukurasa wake aliuita Meza ya Dobi. Wenzake walikuwa wakipima vitabu kwa nyota. Yeye akasema habari za nyota hazijui, yeye anajua pasi. Akaweka vipimo vyake. Kitabu kisicho na kitu kilikuwa "pasi baridi". Kizuri, kinachokufanya usahau mkono kidogo mpaka kola iungue, kilikuwa "kola". Kizuri zaidi, "kola na mkono". Juu ya vyote kulikuwa na "shati zima", na hicho hakuwahi kukitoa. Ulikuwa mfano tu, tuelewane. Katika miaka yote miwili hakuna nguo ya mteja iliyoguswa na moto. Lakini mfano ulipendwa, wenzake wakauchukua. Hata Mstaafu aliandika siku moja kuhusu kitabu cha historia: "Kola, tena kola yenye wanga."

Kuvitafuta vitabu ilikuwa juu yangu, maana maktaba iko njiani, ukizunguka kidogo. Dobi alikuwa akiandika jina la kitabu nyuma ya kikaratasi cha nguo, kile tunachokibana kwenye furushi. Siku moja nilikisoma upande usio wake. Nikamwambia mtunza maktaba kwa heshima zote kwamba naomba Suruali Mbili, Shuka Nne. Alitafuta dakika kumi kwenye makabati. Akarudi akasema ipo, lakini imeazimwa.

Basi. Siku moja Sindano akaandika kuhusu kitabu cha mpima ardhi anayetumwa kupima shamba la kaka yake mwenyewe. Akakisifu kwa mistari yake mitatu, kisha chini akaongeza wa nne: "Dobi, kwa hiki, zima pasi kwanza."

Wenzake walicheka sana. Mstaafu akauliza kama "zima pasi" ni kipimo kipya, na kama kipo juu ya shati au chini yake, ili ajue kukitumia bila kukosea. Mpwa wangu alicheka kuliko wote. Alinionyesha simu akasema, "Mjomba, umeona nilivyosifiwa kitabu?" Nikaenda maktaba nikakileta, safari hii nikisoma upande wenye jina.

Ilikuwa Jumatano, asubuhi, umeme upo, kila kitu kipo. Juu ya meza palikuwa na shati la mistari ya buluu, la mzee mmoja wa shirika la bima ambaye kazi yake ni mkadiriaji wa hasara. Nyumba ikiungua, gari likigonga, yeye ndiye hutumwa kwenda kutazama na kusema hasara ni kubwa kiasi gani. Kola ilikuwa tayari, mabega tayari, mikono tayari. Dobi alikuwa mgongoni mwa shati na kwenye ukurasa wa mia na kumi na moja. Kaka anakaribia mlango. Msomaji anajua aliyemo ndani, kaka hajui. Dobi akafungua ukurasa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia haukusimamisha chochote.

Mimi niliingia kwa sababu ya harufu. Pasi ilikuwa imelala mgongoni mwa shati kama paka kwenye mkeka, na mpwa wangu alikuwa ukurasa wa mia na kumi na tatu.

Bosi wetu ni mwanamke mwenye miwani ya kamba, na mwenye kanuni moja: nguo ya mtu ni ngozi ya mtu. Aliwahi kumfukuza mpiga pasi kwa kifungo kimoja kilichoyeyuka. Kwa hiyo alipokuja na kuuliza, Dobi alijibu kabla ya kufikiri.

"Umeme, bosi. Umekatika ukarudi kwa nguvu. Pasi ikashtuka."

Mwenye shati alipofika, akaambiwa hivyo hivyo. Akaliinua shati kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye tundu, akainusa ile pembe ya pasi iliyochoreka mgongoni.

"Umeme," akasema. Hakuwa anauliza. Akalikunja shati lake akaenda nalo. Bosi akamwita fundi umeme, fundi akasema nyaya ni nzima, bosi akamwambia maneno ambayo fundi hakustahili, na fundi akabadilisha plagi ili mambo yaishe.

Jioni ile ile, mpwa wangu aliandika kwenye ukurasa wake: "Shati zima. Safari hii si mfano. La mistari ya buluu, la mteja, mgongoni, ukurasa wa 112. Umeme nimeusingizia, unisamehe."

Nilipoambiwa, nilikaa chini.

"Mwanangu, kaunta umesema umeme, na huku unawaambia watu wote ukweli?"

"Mjomba, wale watu wanaacha shughuli zao wakasome kitu kwa neno langu. Siwezi kuwadanganya."

"Na mwenye shati?"

"Mwenye shati hasomi blogu, mjomba. Mtu wa bima yule."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mpwa wangu ilikuwa na urefu wa siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja mkadiriaji wa hasara aliingia dobini na mfuko. Bosi alikuwa kaunta anaandika mafurushi, Dobi alikuwa ametoka ndani kuleta magauni pale kaunta, nami nilikuwa napanga henga. Mzee akatoa mfukoni shati lake, akalitandaza. Juu yake akaweka kitabu cha mpima ardhi, chenye muhuri wa maktaba.

"Habari za hapa," akasema. "Meza ya Dobi ni yupi?"

Bosi akasema, "Meza zipo tatu, baba. Unataka kupigiwa nini?"

Dobi hakusema neno. Mzee akamtambua kwa kule kunyamaza.

"Mimi nakusoma mwaka wa pili sasa. Sichangii maoni, nasoma tu. Kwa maneno yako nimesoma vitabu tisa. Kimoja hakikunifaa, vinane nakushukuru." Akavaa miwani. "Sasa, kazi yangu miaka thelathini ni kukadiria hasara. Watu huniambia moto ulianzia jikoni, nikienda nakuta ulianzia mfukoni. Kwa hiyo nimekiazima hiki kitabu. Nimekaa nacho siku nne. Ukurasa wa mia na kumi na mbili nimeusoma nikiwa na shati lenyewe magotini."

Mpwa wangu alikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema hamjui Meza ya Dobi, angeweza kusema kuna madobi wengi na mashati ya buluu mengi. Bosi alikuwa bado hajaelewa, kalamu iko hewani. Lakini mpwa wangu akauliza, kwa sauti ndogo:

"Na?"

"Kola," mkadiriaji akasema.

"Kola?"

"Kola, na sehemu ya bega. Shati zima, hapana. Umezidisha."

"Baba! Ulisoma kweli? Mlango ulipogongwa hukusikia kitu?"

"Nilisikia. Nilitarajia."

"Ulitarajia! Mtu mzima na akili zake anatarajia vile? Kaka ameleta maji ya kunywa, baba, amemletea maji mtu anayemwibia! Kwa mlango ule mimi shati niliona dogo. Lingekuwa koti ningelichoma pia, na suruali yake!"

Mashine ya kufulia ndani ilikuwa inazunguka, nayo ikachagua wakati huo kusimama.

Bosi akaweka kalamu chini. "Si ulisema umeme?"

Dobi akatazama shati. "Hapana, bosi. Ilikuwa ukurasa."

"Nilimtukana fundi umeme," bosi akasema. "Nilimtajia mpaka ukoo."

Mkadiriaji akakunja shati lake taratibu, mikono ndani, kama inavyotakiwa. Akasema hadai chochote, na hakuja kumharibia mtu kazi. Alitaka tu hasara iandikwe kwa ukubwa wake. Kama Dobi ataona vyema, arekebishe pale ukurasani, aweke kola na bega. Akaaga, akaondoka. Dobi mpaka leo hajarekebisha.

Bosi hakumfukuza. Nilidhani atamfukuza, naye alidhani hivyo, alikuwa ameshavua aproni. Lakini bosi ni mwanamke wa mahesabu ya nguo, na kola za mtaa mzima zimezoea mkono ule. Alifikiri mpaka chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Pasi hushiki tena mpaka nitakapokuambia. Utafua. Karai la tatu, mashuka na soksi. Nataka kuona hicho kitabu utakishika na nini."

Hapo alimpata. Mikono yenye maji haishiki kitabu. Na simu huiwezi kwa sabuni. Ile henga yenye vibanio nilimkuta mwenzake wa meza ya pili ameitundikia kaptula.

Wiki mbili zikapita Meza ya Dobi ikiwa kimya. Mpwa wangu akirudi nyumbani anakaa mbele ya televisheni na kutazama chochote inachoamua. Nilijaribu kumtuliza. Nikamwambia kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi.

"Koleo halijavunjika, mjomba," akasema. "Limeloweshwa."

Sindano ndiye aliyekuja kuulizia. Alileta koti lake jeupe, mifuko mitupu, akaambiwa Dobi yuko nyuma kwenye makarai. Akaingia moja kwa moja, akamkuta amezama mpaka viwiko.

"Si nilikuambia uzime pasi?"

"Nilidhani unakisifu."

"Nesi akikuambia usile chochote kabla ya upasuaji, unadhani anasifu chakula?"

Dobi akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Sindano, mimi sisomi tena. Nikimaliza hapa vidole vimekuwa kama zabibu kavu, nikifika nyumbani hakuna pa kukaa. Nitaanza kuwasahau."

Sindano alitazama yale makarai matatu, akamtazama mama wa karai la pili ambaye anasuuza, akaitazama ndoo tupu iliyokuwa pale pembeni. Kesho yake asubuhi kwenye simu ya Dobi uliingia ujumbe wa sauti. Sura ya kwanza ya kitabu alichokuwa anataka kumpendekezea, ameisoma yeye mwenyewe kwenye chumba cha kubadilishia nguo hospitalini. Dobi akaiweka simu ndani ya ndoo tupu, na ndoo ikamkuza Sindano mpaka akasikika karai la kwanza.

Wengine wakafuata. Mstaafu naye alijitolea siku zake mbili. Na hapa ndipo tatizo lilipozaliwa, kwa sababu mkono unaofua husikiliza. Sindano husoma kama anaitwa wodini, na wafuaji wakawa wanafikicha kwa mbio zile zile. Mstaafu alikuwa akisoma sentensi, anapumzika, anaeleza kwa nini mwandishi ameweka mkato pale, kisha anauliza swali na kukaa kimya asubiri darasa. Mikono yote makaraini inakaa kimya pamoja naye.

Siku ya nne, saa kumi jioni, mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa bado hayajasuuzwa. Bosi akaja nyuma. Nilikuwa pale nachukua henga, na sikuona vyema kuondoka. Alisimama mlangoni, miwani kifuani. Karibu na mguu wake ndoo ilikuwa ikiongea.

"Nani huyo?"

Dobi akainuka, maji yanamchuruzika. "Mwalimu mstaafu, bosi. Yuko mji mwingine."

"Anafanya nini kwenye ndoo yangu?"

"Anasoma kitabu. Ni mimi niliyeomba. Hawa wenzangu hawana kosa."

Ingetosha bosi ainame tu aichukue ile simu, na mambo yangekuwa yamekwisha. Ndoo ikasema, "Basi, tujiulize. Je, binti alikuwa na haki ya kuondoka?" Ikanyamaza kusubiri.

"Hakuwa nayo," akasema mama wa karai la pili, ambaye miaka yote sijamsikia akitoa maoni hata juu ya mvua.

Bosi akamtazama huyo mama. Akatazama rundo la mashuka. Akavaa miwani akalitazama tena.

"Yule wa jana," akasema, "mwenye mbio. Yule ni nani?"

"Nesi, bosi."

"Jana mashuka yaliisha saa nane." Akafikiri. "Huyu mwalimu mpeni siku ya soksi. Mashuka asome nesi."

Akarudi kaunta.

Mstaafu alipopelekewa taarifa alinuna siku mbili, hakumsahihisha mtu nukta. Siku ya tatu akaandika kuuliza soksi ni jozi ngapi kwa wiki. Dobi alimjibu kwamba ni nyingi, na nyingine ni za wanajeshi, ambazo hazitaki haraka.